Fasi Tisa kwenye Fishi ya Anaclet

Albertine hakuuza watoto wake. Wanaosema kule Katuba, mtaa wa Lubumbashi, kwamba aliwauza wanasema bongo, uongo mtupu. Aliwaandikisha tu. Na mama yeyote mwenye mtoto mgonjwa, akiona mlango umefunguliwa, angeingia bila kuuliza mlango ule unatokea wapi. Basi wewe mama unayesoma hapa, siku ndugu yako atakapokuambia lete jina la mtoto, ni karatasi tu, weka sufuria chini kwanza, ukae, umsikilize Albertine.

Mtoto mgonjwa ni Bénie. Bénie alizaliwa na ile damu inayoitwa SS, selimundu. Wenye mtoto wa hivyo wanajua: leo anacheza, kesho mifupa inamuuma hadi anauma shuka. Unambeba mgongoni mpaka hospitali, na pale mlangoni, kabla hawajamgusa, wanakuuliza umekuja na nini mkononi. Mume wa Albertine, Antoine, alikuwa mchimbaji kule Kambove, mmoja wa wale wanaoingia shimoni na kamba na taa ya kichwani. Kazi ya shimo haina karatasi ya mshahara. Haina kodi, haina pensheni, haina kadi ya hospitali. Siku jiwe likipatikana munakula, siku lisipopatikana munaongea na Mungu.

Anaclet, kaka mkubwa wa Albertine, alikuwa na bahati nyingine. Yeye alitunza depo, ghala la vyuma, katika kampani moja ya madini kwenye barabara ya Likasi. Baba yao alikuwa mtu wa reli, na Anaclet alirithi kwake kupenda mihuri na kalamu. Siku moja alikuja Katuba, akakuta Bénie amelala kwenye mkeka miguu imevimba. Akakaa. Hakusema pole. Akatoa karatasi yake ya mshahara mfukoni, akaikunjua juu ya goti, na akaanza kumfundisha dada yake mambo ya kodi, kama katekista anavyofundisha amri.

Alisema hivi. Kwanza kwenye mshahara wanatoa mchango wa pensheni. Kinachobaki ndicho kinachokatwa kodi ya serikali. Lakini serikali nayo ina huruma kidogo: kwa kila mtu unayemlisha nyumbani, inapunguza mbili kwa mia ya ile kodi. Watu tisa, basi. Hata ukilisha ishirini, serikali inahesabu tisa na kufunga kitabu. Na kampani yake, kwa kukwepa kazi nyingi, ilitumia orodha ileile kwa hospitali: aliyeandikwa kwenye fishi ya kodi, ile karatasi ya majina, ndiye anayepewa kadi ya matibabu. Yeye Anaclet alikuwa na mke wake Chancelvie na watoto sita. Saba; nafasi mbili tupu.

“Fasi mbili zinaozea pale,” alisema. “Na weye uko na batoto babili.”

Albertine aliuliza kama mtoto wa dada anaruhusiwa. Alisoma hadi darasa la sita kwa masista, hakuwa mjinga. Anaclet akakubali kwamba, kwa sheria, hapana: sheria inajua mke, watoto wako mwenyewe, na wazazi wazee wanaokaa kwako. Mpwa haimjui. Halafu akacheka.

“Mutoto ya dada yangu haiko mutoto yangu? Tangu lini? Serikali njo haijue kizazi.”

Na hapo ndipo Albertine alipodanganyika, kwa sababu maneno yale yalikuwa kweli. Kwao, mjomba ni baba. Mjomba ndiye anayeulizwa mtoto akitaka kuoa, mjomba ndiye anayeitwa mtoto akizidiwa. Hakuona kwamba kuna ukweli unaosemwa mbele ya familia, na kwamba ukweli uleule, ukipigwa muhuri, unakuwa kesi.

Anaclet alijua mtu kwenye komuni, ofisi ya mtaa. Baada ya wiki tatu zikatoka karatasi mbili mpya za kuzaliwa: Bénie na mdogo wake Ephraïm, baba Anaclet, mama Chancelvie. Zile za zamani, alizopewa Albertine kule maternité alikojifungulia, kaka yake aliziomba. Karatasi mbili kwa mtoto mmoja zinaleta maneno, alisema. Akazitia kwenye mbabula ambayo Albertine alikuwa anapikia maharage, na maharage yakaiva.

Ilikwenda vizuri miaka minne, na hilo lazima lisemwe. Bénie alipata dawa, alipata damu, alipata kitanda chenye shuka safi. Alirefuka. Lakini nesi alipotoka mlangoni na kuita mama ya Bénie, aliyesimama alikuwa Chancelvie. Albertine alikuwa yule tantine, shangazi wa nyuma, mwenye kubeba beseni na termosi. Mara moja alisahau akasimama, na Chancelvie akamkanyaga mguu.

Mwaka wa tano Chancelvie akazaa tena, akiwa amevuka miaka arobaini, wakati hakuna aliyengoja kitu. Mtoto alikuja kabla ya siku zake, mdogo kama kiganja na nusu, akawekwa kwenye sanduku la joto. Hospitali ilimpokea kwa kadi ya mama yake mwezi mmoja. Baada ya hapo, walisema, awe na kadi yake, ama wazazi walipe sanduku kwa siku. Anaclet akaenda kumwandikisha kazini, kwa Stanislas, mkubwa wa ofisi inayotunza mafishi ya wafanyakazi.

Mashine ilimkataa mtoto. Fasi tisa zilikuwa zimejaa.

Stanislas alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya sakristia. Alimweleza Anaclet kwamba wa kumi anaweza kuingia kama mmoja anatoka, lakini mtu hatoki kwenye fishi hivihivi. Anatoka kwa sababu: amekufa, ameolewa, amepita umri. Akitoka bila sababu, wakaguzi wa kodi watauliza: huyu uliyepunguziwa kodi miaka minne alikuwa wa nani, na sasa ameenda wapi? Watarudi nyuma mwaka kwa mwaka.

Jumapili hiyo, baada ya misa, Anaclet alifika Katuba na mkate na kilo ya sukari. Albertine alipoona sukari akajua kuna neno. Kaka yake hakuwa mtu wa kuja na sukari.

Alizunguka sana. Aliongea juu ya mvua, juu ya sanduku la joto, juu ya vidole vya yule mtoto. Mwisho akalisema akiangalia ukuta.

“Mutoto moya afe. Mu karatasi tu.”

 Nje Ephraïm na wenzake walikuwa wanapiga mpira wa matambara, na kila mara mpira uligonga bati.

“Sikuambie nani,” Anaclet aliendelea. “Ni bako. Chagula weye.”

“Na juu ya nini haiko moya ya bako, yaya?” Albertine alimwuliza kaka yake.

“Bangu banasoma mu masomo ya kampani. Stanislas anabajua na sura. Nitasema nani amekufa, wakati anamuona kila asubuyi?” Halafu akatoa lile lililomchoma Albertine kuliko yote. “Wakati nilibeba bako, sikuuliza juu ya nini bako.”

Alipokwenda, Albertine alibaki na sukari mapajani. Chagua, anasema. Kulikuwa na cha kuchagua? Bénie akitoka kwenye fishi, kadi inatoka naye, na mvua ya kwanza ya baridi itamrudisha kwenye mkeka. Ephraïm alikuwa na miaka kumi na moja, na tangu kunyonya hakuugua hata malaria ya maana. Uchaguzi ulikuwa umekwisha fanywa kabla hajaulizwa. Na akikataa yote mawili? Kuna kichanga kwenye sanduku, damu yake vilevile. Na akienda kwa Stanislas kusema kweli? Kaka anatolewa kazini, midomo kumi inabaki hewani, na yeye ndiye aliyewasukuma. Kila upande aliogeukia ulikuwa na mtoto amesimama pale.

Alimpigia Antoine simu kule Kambove. Antoine alisikiliza hadi mwisho. Akasema kifo hakiitwi kwa jina la mtoto, kwamba wanaochimba wanajua hilo, hata shimoni hawataji. Albertine akamwuliza: na Bénie je?   

Alhamisi Albertine alivaa kitenge cha kanisa, akaenda komuni. Kwa kuandika kifo walitaka mtu wa familia na shahidi. Shahidi Anaclet alikuwa amekwisha mtafuta, mzee mmoja mwenye kukaa mbele ya komuni kwa kazi hiyohiyo. Mwandishi alikuwa kijana mwenye miwani. Hakumwangalia.

Jina la marehemu. Akasema. Jina la baba. Anaclet. Jina la mama. Chancelvie. Ulimi ulikuwa mzito kama umekula mhogo mchungu.

“Na weye uko nani yake?”

“Tantine yake.”

Aliuliza ugonjwa, akasema malaria. Aliuliza alizikwa wapi, akasema Kambove. Akatia sahihi pale alipoonyeshwa, herufi kwa herufi, vizuri, kama masista walivyomfundisha. Alipofika nyumbani Ephraïm alitaka chakula. Akamshika paji la uso. Akamshika tena. Mtoto akauliza kama ana homa, mama akamwambia kula bukari yako, ugali unapoa.

Kumbe Anaclet, na akili yake yote ya mihuri, alisahau kitu kimoja. Alisahau anakaa Lubumbashi. Hapa mtoto wa mfanyakazi hafi kwenye karatasi peke yake. Stanislas alipopokea cheti, hakukiweka kwenye faili na kunyamaza. Alifanya kama kampani inavyofanya kwa kila mtu: akapitisha bahasha ya michango depo kwa depo, akaomba basi, akampigia Anaclet simu. Alisema kwa ile sauti yake: ndugu, ulimzika mtoto bila kutuambia, sisi si watu? Jumamosi tunakuja kulia na wewe.

Na kilio hakikataliwi. Mtu anayefukuza watu kwenye kilio cha mtoto wake, mji mzima utasema amemla mwenyewe kwa uchawi.

Basi Jumamosi saa nne asubuhi, kwa Anaclet kule Bel-Air, waliweka tawi la mti barabarani, alama ya msiba, viti vya plastiki uani na mikeka sebuleni. Majirani waliowajua wale watoto sita walihesabu, wakawaona wote sita, wakaambiwa marehemu ni mtoto mwingine, aliyelelewa kule Kambove. Waliangaliana. Albertine aliacha watoto wake kwa jirani wa Katuba, Mama Mwila, akamwomba Ephraïm asitoke uani hata kwa mpira. Mama Mwila aliuliza kama mtoto ameiba. Albertine akasema hapana, hajafanya kitu.

Chancelvie alikataa mkeka. Mtoto wake alikuwa ametoka hospitali siku tatu kabla, na kadi ya muda mkononi, ikingoja muhuri wa Stanislas.

“Mutoto yangu hakale mu kilio ya bongo,” alisema, akajifungia chumbani naye.

Basi aliyekaa mahali pa mama alikuwa Albertine. Wamama wa kampani waliingia wakiimba ule wimbo wa kanisa wa kusindikiza, wameshika vichwa, na mbele yao Mama Brigitte, mpishi wa kantini, mwanamke mnene mwenye mikono ya kukumbatia. Albertine alikuwa amejiandaa kulia uongo kidogo, machozi mawili matatu ya heshima. Lakini Mama Brigitte alipolitaja lile jina, Ephraïm, Ephraïm we, unatuachia nani, kitu kilivunjika ndani. Alilia kwa sauti ambayo hakuijua. Alimwona mtoto ubavuni mwa barabara ya Kambove, chini ya udongo mwekundu, na kila alipojiambia yuko kwa Mama Mwila, sauti ilizidi kupanda. Walimshika wanne.

Alipotulia, aliwasikia wamama nyuma yake wananong’ona. Tantine njo analia, mama macho makavu. Mama hata hatoki kwenye chumba. Mwingine akasema, bila haraka, kama mtu anayechambua mchele: moya amekufa, mwingine anazaliwa mwezi uleule. Bantu banajua kubadilisha. Na mwingine: mulango unaona vile umefungwa?

 Albertine alijua maneno ya namna hiyo yanaishia wapi. Leo yanakaa mkekani. Kesho yanasimama mbele ya lango na mawe.

Ndipo Stanislas aliingia na daftari lake, akapiga goti kwa adabu mbele ya mkeka. Alitoa pole za mkurugenzi. Alitoa bahasha. Halafu akasema kwamba pale kazini wanaweka tangazo na picha ya marehemu, ili watu wamwombee, na kwamba baba wa mtoto alimwambia picha iko kwa tantine. Anaclet alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake, kofia mkononi.

Picha ilikuwa ndani ya pochi ya Albertine. Ephraïm kwenye komunyo ya kwanza, shati jeupe, meno mawili hayapo. Alifungua pochi. Aliishika ile picha ndani, hakuitoa. Aliona ukuta wa ofisi na mshumaa umechorwa juu ya kichwa cha mtoto wake. Akaona watu wasiomjua wakipita na kusema apumzike.

“Sina picha ya maiti,” alisema. “Niko na mutoto. Iko Katuba, anakula.”

 Stanislas alimtazama kwa huruma kweli.

“Mama, uko na uchungu mingi. Uchungu njo unasemesha. Mie sikusikia kintu.”

Alimfungulia mlango wa kukana, yule mtu. Alifunga daftari polepole ili Albertine apate muda wa kupita. Nyuma yake Anaclet alikuwa anatikisa kichwa, kidogo sana, na macho yake yalikuwa macho ya mtoto. Albertine aliyaona. Aliona na ule mlango uliofungwa wa chumbani, na wamama wanaoutazama. Alijua pia kadi ya Bénie iko juu ya ulimi wake, kwamba akisema mara ya pili inaanguka. Akasema mara ya pili.

“Haiko mutoto ya Chancelvie. Njo mie mama yake. Hakuna mwenye kufa, na hakuna mwenye kumula mutoto ya mwenzake. Yaya aliandika bangu mu fishi yake juu ya hospitali, na nilimupatia mwenyewe.”

Watu wa kampani walirudi kwenye basi bila kuaga. Mama Brigitte peke yake aligeuka mlangoni, akamwangalia kutoka kichwani hadi miguuni, akasema kwamba katika maisha yake alikwisha lipwa kupika, alikwisha lipwa kufagia, lakini kulizwa bure hajawahi.

Hawakumfukuza Anaclet. Wengi walifikiri watamfukuza. Walimtoa kwenye depo, wakamweka getini kuandika namba za magari, na ile kodi aliyopunguziwa miaka minne kwa majina mawili yasiyokuwa yake inakatwa kwenye mshahara wake. Fishi ilisafishwa. Majina mawili yakatoka, kichanga kikaingia, na fasi moja sasa iko wazi. Mtoto anapona, amenenepa mashavu. Bénie hana kadi.

Lakini kampani kusafisha fishi yake ni jambo moja, kitabu cha komuni ni jingine. Albertine alirudi kwa yule kijana wa miwani, mara hii amemshika Ephraïm mkono. Kijana alifungua kitabu, akasoma, akamwangalia mtoto, akasoma tena.

“Mu kitabu amekufa,” alisema. “Mie ninafuata kitabu.”

Hata kama hakufa, aliongeza, kwa kitabu si wa kwako. Hiyo ni kazi ya tribinali, ya mahakama. Na tribinali wakamweleza: anayeonekana kuwa baba aje mwenyewe aseme kwa mdomo wake kwamba alidanganya. Bila hivyo hakuna juji atakayemtoa mtoto kwa mtu mmoja na kumpa mwingine, wala kumfufua. Na mkurugenzi wa shule naye amekwisha sema: mtihani wa kumaliza darasa la sita unataka karatasi ya kuzaliwa, na orodha inafungwa mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo Albertine anakwenda Bel-Air kila Jumapili baada ya misa. Anagonga lango. Jumapili hii Anaclet alitoka, lakini hakufungua. Aliongea kupitia tundu la komeo. Sauti yake haikuwa na hasira tena, na hilo lilikuwa baya zaidi.

“Nikisema mbele ya juji, nitatokea wapi, Albertine? Kazini balinisamehe juu ya Stanislas. Juji atanipeleka mu gereza ya Kasapa. Na hawa bote, nani atabalisha?”

Albertine alijua kwamba ni kweli. Ni yeye mwenyewe aliyemwachia kaka yake majina ya watoto wake yaazimwe.

“Ephraïm atafanya mtihani na jina ya nani, yaya?”

“Unilombe kintu ingine. Pesa, unga. Ile, hapana.”

 Simu ya Albertine ikalia; alikuwa Mama Mwila. Bénie ameanza kuumwa tangu asubuhi, mguu wa kushoto, halafu mgongo. Wamempeleka kwenye zahanati ya barabara ya tatu, na wale wa mlangoni wanauliza mama ya mtoto ni nani.